Siku tisa kabla ya tetemeko

Mwanangu,

Jana usiku nilipokuwa nafunga viatu vya kazi, ulisimama mlangoni pa jiko ukaniuliza: "Mama, kwani mimi nina miaka mingapi kweli?" Nikasema kumi na saba, nikabeba mfuko wangu nikatoka, maana basi halinisubiri. Njia nzima nilijua sijakujibu. Miaka unaijua, unaiandika kwenye fomu kila siku. Ulichotaka ni kunitazama usoni wakati naitaja, na mimi nilikuwa nimeinamia kamba za viatu.

Sasa ni saa tisa usiku, tuko mapumziko. Nimekaa juu ya kreti hapa ghalani, vifurushi vimesimama kwenye mkanda, nami naandika nyuma ya karatasi ya zamu. Ukiona mwandiko unapinda, ni goti langu.

Najua swali limetoka wapi. Jumamosi kwenye mchezo wenu wa besiboli yule baba wa timu ngeni alisimama akapaza sauti kwamba huyu wa kati si mtoto, huyu ana mke nyumbani. Watu wakacheka. Alidhani sielewi Kiingereza. Jumatatu shule wakapiga simu wakitaka karatasi zako, na tangu siku hiyo gongo lako la kupigia mpira liko chini ya kitanda.

Basi tuanze na karatasi. Zako zinasema 1 Januari 2008. Za baba yako zinasema 1 Januari, zangu hivyo hivyo, za dada yako hivyo hivyo. Mtu akizisoma atadhani ukoo wetu huzaliana kwa msimu kama maembe. Waulize wenzako waliotoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, nusu yao mtakata keki siku moja. Ukifika kwenye meza ya usajili bila cheti, karani hawezi kuacha mstari mtupu, anajaza siku ya kwanza ya mwaka.

Lakini siku yako mimi ninayo. Tulikuwa Bukavu, Kongo, mtaa wa Kadutu, kwa shangazi yako. Jumapili ya tarehe 3 Februari 2008, kama saa tatu na nusu asubuhi, watu wako kanisani, ardhi ikatikisika. Sufuria zilishuka kwenye rafu moja baada ya nyingine. Nilikuwa nimelala nawe kitandani kwa sababu ulikuwa bado hujatolewa nje. Kitovu kilikuwa kimedondoka Ijumaa. Nilikufunika kwa mwili wangu, vumbi la ukuta likaniangukia mgongoni. Ulikuwa na siku tisa. Hesabu mwenyewe kurudi nyuma: 25 Januari.

Kwa hiyo ile karatasi imekuongezea siku ishirini na nne. Wanaodhani tumekupunguza umri, serikali ndiyo iliyokuzeesha.

Karatasi ya hospitali ilibaki kwenye sanduku tulipokimbia. Siku ya usajili baba yako alisema mwisho wa mwezi wa kwanza, mwaka wa tetemeko. Karani akaandika anachokijua yeye. Niliona, mwanangu. Foleni ilikuwa ndefu, wewe unalia, jua kali, nikanyamaza. Baadaye kwenye mahojiano ya kuja Marekani nikanyamaza tena, kwa sababu pale kambini kila mtu alimjua mtu ambaye faili lake lilikwama kwa tofauti ya herufi moja. Nilichagua tuvuke. Sikuwaza kwamba siku moja utafika Louisville, mji wenye gongo la chuma la mita 36 limeegemezwa ukutani kama la jitu lililokwenda haja, na kwamba tarehe ile itakuja kukudai uwanjani.

Yule mwenzangu Mdominika ninayepanga naye vifurushi, nilimsimulia. Akacheka kwa uchungu, akanitajia Miguel Tejada. Alikuwa shotistopu kama wewe, yule anayelinda kati ya kituo cha pili na cha tatu, mtoto wa kimaskini wa Baní, Jamhuri ya Dominika. Mwaka 1993 alisaini na timu ya Oakland akisema ana miaka kumi na saba, kumbe ana kumi na tisa, kwa sababu kule kwao kijana wa kumi na tisa anaonekana ameshachacha. Mwaka 2002 akapiga mipira 34 nje ya uzio, hakukosa mchezo hata mmoja kati ya 162, akachaguliwa mchezaji bora wa ligi yake. Mwaka 2008 mtangazaji wa televisheni akamwekea cheti cha kuzaliwa mbele ya kamera. Akainuka akaondoka, kisha akakiri. Baadaye yakaja na ya dawa, hiyo ni kesi nyingine na hapo simtetei.

Nilimwuliza mwenzangu: basi ile mipira 34 ilikuwa ya uongo? Akasema hapana, waliomrushia walikuwa wanaume wazima, na ligi ile haina umri. Nikakubali. Ila nyinyi mnacheza kwa umri, na miaka miwili kwa mvulana ni kifua kizima na mabega yake. Ndiyo maana yule baba simchukii kwa kuuliza. Mwanawe ndiye aliyekuwa anarusha, na wewe uliipiga mipira yake mara tatu. Ningekuwa mimi labda ningeuliza pia, kwa adabu, pembeni. Hiyo ya mke ndiyo imenikaa kooni.

Na hujawa wa kwanza. Mwaka 2011 watoto wa Kampala walishinda nafasi ya kuja Williamsport, hapa Marekani, kwenye mashindano makubwa ya besiboli ya watoto. Wakanyimwa viza, kisa tarehe kwenye karatasi hazikulingana. Mwaka uliofuata wakaja wa Lugazi, Uganda hiyohiyo, timu ya kwanza ya Afrika kucheza pale. Wale wa Kampala hawakupata mwaka mwingine, watoto hukua.

Sasa huu msimu wako. Watu wanasema haiwezekani: mwaka jana benchi unagawa maji, mwaka huu unashika kila kitu kati ya kituo cha pili na cha tatu. Mimi nitakwambia nilichokiona kwa macho yangu. Oktoba nesi wa shule alikupima macho, ukaja na miwani. Wiki ile ulisimama uani ukaniambia, "Mama, kumbe mti una jani mojamoja." Nililia chooni. Miaka yote ulikuwa unapiga mpira wenye ukungu! Wakubwa wanasema mpira wa mrushaji mwenye nguvu unafika kwa sekunde 0.4 hivi, wewe ulikuwa unauona umeshafika.

Halafu ukuta wa gereji. Majira ya baridi yote nilikuwa narudi alfajiri nalala, na wewe kabla ya basi la shule unaupiga mpira ukutani, tu, tu, tu, mpaka jirani akaja kuuliza kama tunajenga. Na miguu ile hukuipata hapa. Dada zako walikuwa wanakuweka katikati kwenye rede kwa sababu ulikuwa mdogo na rahisi kulengwa, na ukajifunza kutazama bega la mtu kabla mpira haujatoka mkononi. Kocha anaita jina fulani la Kiingereza kitu hicho. Sisi kambini tulikuwa tunaita kukwepa.

Kengele ya mkanda imelia, nimalize.

Alhamisi siko zamu. Tutakwenda shuleni wote wawili, na karatasi tulizonazo, na wakiuliza kuhusu Januari mosi nitawaeleza mimi, wewe usiseme neno. Nimeshamwandikia shangazi yako. Atakuwa kwenye simu saa mbili asubuhi yetu, kwao saa nane mchana, na unamjua: atawasimulia lile tetemeko mpaka waombe kuondoka. Sijui watamwamini au la.

Sombe iko kwenye friji, bakuli la kifuniko cha bluu. Gongo nimelitoa chini ya kitanda, nimeliegemeza nyuma ya mlango. Sikulifuta vumbi.

Mama yako