Barua ya wazi kwa Waziri wa Usalama wa Ndani: Chuma kilichokuja ndani ya gunia

Mheshimiwa Waziri,

Mimi hununua skrapu katika soko la Gikomba, Nairobi. Juzi kijana wa mkokoteni alinimwagia gunia kando ya mizani: sufuria zilizotoboka, springi za matatu, na mche wa chuma mnene kama mkono wangu, umeliwa na kutu, una pete ya shaba karibu na kitako. Fundi alishawasha gesi aukate. Ile pete ndiyo iliyonifanya nipige kelele, maana marehemu baba, askari wa zamani, aliniambia makombora ya mizinga huvishwa shaba.

Wenzangu wengi wanaamini kutu imeshaua kitu kama hicho. Sivyo. Mwaka 1863 Mjerumani Julius Wilbrand alitengeneza TNT, kilipuzi kinachojazwa ndani ya makombora, akitafuta rangi ya manjano, na ilipita miaka karibu 30 kabla ya watu kutambua kwamba inalipuka. Ni nzito kushtuka kiasi hicho! Nitrogliserini, kilipuzi kilichotangulia mwaka 1846, iliweza kulipuka kwa kutikiswa tu. TNT huyeyuka kwenye nyuzi 80 hivi, ikamiminwa ndani ya kombora kama nta, na maji hayaiyeyushi. Majeshi yaliipendea uvumilivu huo, na ndio unaoiweka hai ardhini miongo na miongo. Kinachochakaa ni fyuzi, kile kifaa cha kuwasha mlipuko, na fyuzi iliyochakaa haitabiriki. Ikishtuka, mlipuko hupita ndani ya TNT karibu kilomita 7 kwa sekunde. Hakuna wa kukimbia hapo.

Wafugaji wa Archer's Post na Dol Dol, kaskazini mwa Kenya, wanayajua haya kwa miili yao. Mwaka 2002 Uingereza ilikubali kuwalipa Wamaasai na Wasamburu pauni milioni 4.5 kwa waliouawa na kujeruhiwa na mabaki ya mazoezi ya kijeshi. Skrapu nayo haina kwao, hupanda lori lolote linalokuja Nairobi.

Naomba kila mizani ya skrapu iwe na picha za vitu hivi, na nambari ya simu inayopokelewa hata usiku. Sisi tulisubiri msaada kwa muda wa saa nne, tumefunga njia kwa kamba ya manila.

Tena naomba, Mheshimiwa, anayeleta kitu kama hicho bila kujua asikamatwe. Yule kijana alipoona sare alitoroka. Mkokoteni wake bado uko kwangu, na pesa za sufuria hajaja kuzichukua.

Mnunuzi wa skrapu, Gikomba