Barua ya wazi kwa Waziri wa Elimu: mwanafunzi wa Kiswahili aruhusiwe kuhitimu kwa diwani ya mashairi

Mheshimiwa Waziri wa Elimu, Sayansi na Teknolojia,
Dodoma.

YAH: OMBI LA KUUFANYA UTUNZI WA MASHAIRI KUWA SOMO KAMILI VYUONI

Mheshimiwa, shikamoo.

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili wa sekondari. Shahada yangu niliisomea hapa hapa nchini, kwa mkopo wa Bodi. Nina jambo moja tu la kukuomba: vyuo vyetu vinamfundisha mwanafunzi kuhakiki ushairi lakini kuutunga anaachiwa mwenyewe, na jambo hilo liko ndani ya uwezo wa wizara yako kulirekebisha.

Chuoni nilifundishwa vizuri. Nilijua kutofautisha tarbia, shairi la mishororo minne kila ubeti, na takhmisa, la mishororo mitano, kuchambua fani na maudhui, kueleza mvutano wa wanamapokeo, wanaoshikilia vina na mizani, na wanausasa, wanaotunga bila kufungwa navyo, uliopamba moto baada ya Euphrase Kezilahabi kutoa diwani yake ya Kichomi mwaka 1974. Yote hayo nayatumia mpaka leo. Kozi ya utunzi ilikuwepo moja, ya muhula mmoja, na tulijaa ukumbini kiasi kwamba mhadhiri asingeweza kusoma shairi la kila mtu hata angetaka. Mwisho wa kozi tukapewa mtihani: eleza sifa za shairi bora. Tulieleza. Mwaka wa tatu niliomba niwasilishe diwani badala ya tasnifu ya uhakiki, nikajibiwa kwamba hakuna utaratibu wa kuisahihisha. Aliyenijibu alikuwa mwalimu mwema na aliyapenda mashairi yangu. Mtaala ndio uliomfunga mikono.

Utunzi nilijifunzia kwingine. Baadhi yetu tulikuwa tunakwenda jioni kwa mzee mmoja, malenga wa Tanga aliyeishia darasa la saba. Hakutuuliza maudhui. Alikuwa anatuambia, "Soma," halafu anafumba macho. Siku moja mwenzetu alisoma mshororo huu kuhusu msiba wa nyumbani kwao:

Mama alilia sana, sana sana kwa hakika

Mizani, yaani silabi, kumi na sita, kamili. Vina vipo. Mzee akasema kipande cha pili hakina kazi, kimeletwa kujaza nafasi. Akamuuliza: mama alikuwa anafanya nini hasa? Kijana akafikiri, akasema alikuwa ameuma kanga. Akaambiwa aandike hivyo hivyo. Akaandika "kanga kinywani kaweka". Mzee akatikisa kichwa, sasa akarudi kwenye kipande cha kwanza: kama kanga iko kinywani, ya nini tena kutuambia alilia sana? Ilichukua karibu jioni nzima mpaka ukapatikana huu:

Mama hakusema tena, kanga kinywani kaweka

Vina ni vile vile, mizani ni ile ile, na msiba sasa unauona. Mheshimiwa, hicho ndicho ninachokiombea nafasi kwenye ratiba ya chuo. Mtu mmoja anasoma, wengine wanasikiliza, anayejua anauliza swali, mshororo unarudi mezani mara ya pili na ya tatu. Katika miaka yangu mitatu ya chuo hakuna aliyewahi kuniuliza kipande fulani kina kazi gani katika shairi langu.

Najua watakaokuambia kwamba ushairi ni kipaji, haufundishiki. Watamtaja Shaaban Robert, ambaye hakupita chuo kikuu chochote. Ni kweli hakupita. Lakini alikulia na kuishi kwenye pwani iliyokuwa na washairi kila mji, watu wakijibizana kwa beti magazetini, na aliyekosea kina anasahihishwa hadharani. Kaluta Amri Abedi alipotoa kitabu chake cha sheria za kutunga mashairi mwaka 1954, alifanya hivyo kwa sababu aliamini kazi hii ina kanuni na mtu anaweza kuelekezwa. Mshairi Mathias Mnyampala na wenzake wa UKUTA, chama cha Usanifu wa Kiswahili na Ushairi Tanzania, waliamini hivyo hivyo. Baadaye Redio Tanzania, kwa kipindi chake cha Malenga Wetu, ikawa darasa la watu ambao hawakuwa na darasa. Washairi wetu wakubwa walifundishwa, ila hawakupewa cheti. Mabaraza yale leo yamepungua sana, na vijana waliokuwa wakae pale sasa wako vyuoni.

Na chuo kinaweza. Pale Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, sanaa za maonyesho zilifundishwa kwa kutunga na kuigiza, na humo walipita waandishi wa tamthilia Ebrahim Hussein na Penina Muhando. Kwingine, Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, kilianza kupokea kazi za kubuni kama tasnifu mwaka 1922, miaka mia moja na zaidi iliyopita. Kwa hiyo swali la namna ya kusahihisha diwani lina majibu ya siku nyingi: wasomaji wawili au watatu, rasimu za mwanzo zikiambatishwa, na mtunzi akitetea uamuzi wake mstari kwa mstari.

Serikali yenyewe imeonyesha kuthamini jambo hili. Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, inayoratibiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania, ilitolewa kwa mara ya kwanza Aprili 2023, na ushairi ulikuwemo tangu mwanzo. Niliifurahia na naifurahia bado. Ila tuzo ni mavuno, Mheshimiwa, na shamba lenyewe hatujalilima.

Ombi langu basi. Mwanafunzi wa shahada ya Kiswahili apewe ruhusa ya kuchagua: tasnifu ya uhakiki au diwani yenye utangulizi wa kitaaluma, zote zikiwa na uzito ule ule. Madarasa ya utunzi yawe madogo, watu kumi na tano hivi, maana zaidi ya hapo hakuna anayesikilizwa. Na Tume ya Vyuo Vikuu iweke njia ya malenga wasio na shahada kufundisha kwa mkataba, wakilipwa kama wataalamu. Hili la mwisho ndilo naliona gumu zaidi, kwa sababu vigezo vyetu vya ajira vyuoni vinaanza na alama za cheti. Ndilo pia la haraka kuliko yote. Wazee hawa wanaondoka.

Kazini kwangu, wanafunzi wa kidato cha tatu wananiletea madaftari yamejaa michano na mashairi, wengine wana sikio zuri kuliko langu. Wakiniuliza wasomee wapi kazi hii, nawatajia kozi za uhakiki, na naona wanavyolifunga daftari. Nakuomba walau chuo kimoja cha umma kiruhusiwe kuanza kwa majaribio mwaka ujao wa masomo, tuone diwani za kwanza zitakazotoka. Ukihitaji walimu wa kukaa kwenye kamati ya kuandaa mwongozo wa usahihishaji, mimi nitakuja kwa nauli yangu.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu wa Kiswahili,
Tanga.