Shukrani kwa mama wa penseli nyekundu

Kwa niaba ya majirani zangu katika kijiji chetu cha kusini mwa Uingereza, natoa shukrani za dhati kwa mama ambaye hakutaka kutaja jina lake, aliyetukuta ukumbini tukibishana juu ya mashamba yaliyoombewa kibali cha kujenga nyumba ndani ya ukanda wa kijani, yaani ardhi inayozunguka miji ambayo sheria za mipango huilinda isijengwe ovyo.

Barua zetu za kupinga ombi hilo zilijaa malalamiko kwamba madirisha yetu yatazibwa mandhari na bei ya nyumba zetu itashuka. Mama huyo alizikata sentensi hizo kwa penseli nyekundu bila huruma, akatueleza kwamba maofisa wa mipango miji hawapimi hoja za namna hiyo. Wanachotazama ni kama ujenzi utaunganisha miji jirani au kumeza mashamba, na kama mwombaji ana sababu za kipekee kabisa zinazozidi madhara. Akatutahadharisha pia kuhusu mwongozo wa serikali wa Desemba 2024, ulioleta “ukanda wa kijivu”, yaani sehemu za ukanda wa kijani zinazohesabiwa kuwa hazina mchango mkubwa katika malengo ya ukanda huo na hivyo kuwa rahisi zaidi kupewa kibali. Kwa maoni yangu hapo ndipo alipotufaa zaidi, kwani sote tulidhani ardhi hiyo haigusiki.

Alitukataza kuandika kwamba nyumba mpya hazihitajiki, maana zinahitajika. (Wapo walionuna.)

Barua zilifika halmashauri kabla ya muda wa maoni kwisha, na sasa tunasubiri uamuzi. Mama, popote ulipo, pokea shukrani zetu, Mungu akuzidishie.