Kanuni za sabuni ziandikwe kwa gramu, si kwa vikombe

Mhariri,

Makala zinazowashauri wasomaji wajiongezee kipato kwa kutengeneza sabuni na mishumaa nyumbani zina nia njema. Kasoro yake ni moja, nayo ndiyo inayokula mitaji ya watu: kanuni hutolewa kwa vikombe, vijiko na vifuniko vya chupa. Kikombe cha kostiki (soda kali inayogeuza mafuta kuwa sabuni) ya vipande bapa hakina uzito sawa na kikombe cha kostiki ya punje. Na "mafuta lita moja" bila kutaja ni mafuta gani si kanuni, ni bahati nasibu.

Jirani hununua sabuni yako mara ya kwanza kwa sababu ya ujirani. Anaporudi, anataka ile ile aliyoizoea: ugumu ule, povu lile, harufu ile. Huwezi kumpa ile ile kama hukuipima. Kwa hiyo kifaa cha kwanza kununuliwa ni mizani ya dijitali inayosoma gramu moja moja. Lebo ya kupendeza na mihuri vije baadaye.

Tuanze na sabuni ya kipande. Kila aina ya mafuta hutaka kostiki soda yake. Gramu 1,000 za mawese huhitaji takriban gramu 141, za mafuta ya nazi 183, za alizeti 135. Mtu akichukua kanuni ya nazi akatumia alizeti kwa sababu ndiyo iliyopatikana, atabakiwa na kostiki zaidi ya gramu 40 isiyo na mafuta ya kuungana nayo. Hiyo ndiyo sabuni inayochubua mikono ya wateja. Akifanya kinyume chake, atapata rojo la mafuta lisiloganda vizuri.

Mchanganyiko unaotoa kipande kigumu chenye povu la kutosha ni gramu 700 za mawese na 300 za nazi. Hesabu yake ni 98.7 kujumlisha 54.9, yaani 153.6. Punguza asilimia 5 ili mafuta kidogo yabaki huru na ngozi isikauke. Inabaki gramu 146. Maji ni mara mbili ya kostiki, gramu 292. Kostiki humwagwa ndani ya maji kidogo kidogo huku unakoroga, wala maji hayamwagwi juu ya kostiki, maana joto hupanda ghafla na mchanganyiko ukakurukia usoni. Vaa miwani na glavu, fanyia mahali penye hewa, na watoto wasiwepo kabisa. Usitumie sufuria ya alumini. Kostiki huila na kutoa gesi inayoshika moto. Tumia ndoo ya plastiki nene inayostahimili joto au chombo cha chuma kisichoshika kutu. Kostiki ikikurukia, suuza kwa maji yanayotiririka kwa dakika 20. Hiyo siki inayosifiwa sana kuwa huua ukali wa kostiki isikaribie ngozi iliyoungua.

Mafuta na maji ya kostiki vikiwa vuguvugu vyote viwili, changanya na ukoroge hadi mwiko ukiinuliwa uache alama juu ya uji. Ukimimina kwenye kalibu kabla ya hapo, mafuta hujitenga yakaelea juu. Kata siku inayofuata, kisha panga vipande kwa nafasi mahali pakavu penye hewa kwa wiki nne. Wengi huiruka hatua hii kwa sababu fedha imekwama rafuni, halafu wanashangaa sabuni inayeyuka kama jivu lililoloa.

Kipande kikivunjika kama chaki, kostiki imezidi au maji yalikuwa haba. Unga mweupe juu ni kostiki iliyokutana na hewa; hauna madhara, ukwangue tu. Madoa ya rangi ya kutu yenye harufu mbaya ni mafuta yaliyochacha: ama yalikuwa ya zamani, ama yaliachwa huru kupita kiasi. Na sabuni iliyokuwa nzuri siku zote ikianza kuwa na mafuta mafuta bila wewe kubadilisha kitu, kagua mfuniko wa kopo la kostiki. Kostiki hunyonya unyevu na hewa, hivyo gramu 146 za kopo lililoachwa wazi si gramu 146 tena. Kabla ya kuuza, lowesha kipande na ukipime kwa karatasi ya pH, yaani ile inayoonyesha ukali kwa rangi na namba: 9 hadi 10 ni kawaida ya sabuni, ikizidi 11, isitoke nyumbani.

Sabuni ya maji ndiyo inayouzika haraka, na ndiyo inayoharibiwa zaidi. Kwa ndoo ya lita 20 tumia kilo 1 ya asidi ya salfoniki (ndiyo inayosafisha), kilo 1 ya ungaroli (uji mzito unaoleta povu), gramu 160 za soda ashi (unga mweupe unaoua ukali wa asidi), chumvi na maji. Pima maji lita 10, mimina salfoniki humo, kisha soda ashi uliyoiyeyusha kwenye maji pembeni. Itatoa povu jingi kwa sababu ya gesi, basi chombo kisijae. Usiitie soda ashi yote. Bakiza kama gramu 20, pima pH, ongeza kwa uangalifu hadi ifike kati ya 7 na 8. Ikiwa chini ya hapo, wafuaji na waosha vyombo watalalamika vidole vinawachoma. Ungaroli huingia baada ya hapo, kwa sababu asidi huivunja polepole ikikaa nayo. Usishtuke ikiganda kama utomvu. Hivyo ndivyo inavyofanya ikikutana na maji machache. Iongezee maji na ukoroge taratibu, au iache usiku kucha.

Sasa chumvi. Hapa ndipo ndoo nzima humwagwa. Chumvi huifanya sabuni iwe nzito, lakini hadi kiwango fulani tu. Ukipita hapo hurudi kuwa nyepesi kama maji, na wasiojua huongeza chumvi nyingine wakidhani haikutosha. Kwanza jaza maji hadi lita 20. Yeyusha gramu 400 za chumvi kwenye maji kidogo uliyoyatenga katika hizo hizo lita 20, uitie sehemu ndogo ndogo zisizozidi gramu 50 za chumvi kila moja, koroga, subiri, angalia. Simama mara tu uzito unapokuridhisha, hata kama chumvi imebaki nusu. Harufu nayo ina tabia ya kubadilisha uzito, kwa hiyo itangulie chumvi. Mtu akija na sabuni iliyokwisha kuwa nyepesi kwa chumvi nyingi, tiba ni kuongeza maji na ungaroli, si chumvi.

Acha povu lishuke usiku kucha ndipo ujaze chupa, la sivyo mteja atakuta chupa imepungua asubuhi na atakuita mwizi. Bila kihifadhi, yaani dawa ya kuzuia sabuni isioze, maji yachemshwe kwanza, vyombo viwe safi, na utengeneze kiasi kitakachoisha ndani ya wiki mbili tatu. Baada ya hapo harufu hubadilika. Usijaze kwenye chupa za vinywaji, hata kama zinapatikana bure. Mtoto mwenye kiu hasomi lebo. Lebo yenyewe iseme ni kitu gani, kina nini, ujazo, tarehe na jinsi ya kukupata. Kabla ya kupeleka bidhaa dukani, uliza mamlaka ya viwango ya mahali ulipo inataka nini, kwani duka linaweza kukataa mzigo kwa sababu hiyo tu.

Kuhusu mishumaa tutasema machache. Nta iyeyushwe ndani ya chombo kilichowekwa kwenye maji yanayochemka, kamwe si juu ya moto moja kwa moja. Shimo linalojitokeza katikati ni nta inayojikunja ikipoa. Jaza mara ya pili. Utambi mwembamba huchimba kisima katikati na kuacha nta pembeni, utambi mnene hutoa moshi. Washa mmoja hadi uishe kabla hujauza mia.

Bei ni jambo ambalo makala nyingi hulimaliza kwa sentensi moja, nalo ndilo linalofilisi. Chukua kanuni yetu ya kipande: jumla ni gramu 1,438. Sabuni ikikauka hupungua karibu sehemu ya kumi, hivyo kipande kitakachouzwa kama gramu 100 kikatwe kikiwa na gramu 112 hivi. Utapata vipande 12 na mabaki ya kingo. Gharama zote zigawanywe kwa 12, si kwa 14 vinavyoonekana kwenye hesabu ya karatasi. Na gharama zote ni pamoja na kuni au gesi, nauli ya kufuata malighafi, karatasi ya kufungia, vipande vya kuonjesha wateja, na saa zako za kazi. Mwenye kuacha saa zake nje ya hesabu ataona faida mpaka siku atakapohitaji msaidizi wa kumlipa.

Mwenye duka naye atengewe sehemu yake katika bei. Ukiwauzia majirani kwa bei ile ile unayotaka kumpa yeye, hatakuwa na nafasi ya kuweka chake juu, na hatanunua. Panga bei ya rejareja kwanza, halafu shuka hadi ya jumla. Ikiwa bei ya jumla haikuachii kitu, bidhaa hiyo haijawa tayari kwenda dukani. Tunaonya hasa kuhusu mali kauli. Ukiacha chupa 30 dukani ulipwe zikishauzwa, mtaji wako umelala kwenye rafu ya mtu mwingine huku ndoo yako ikisubiri salfoniki. Anza na chupa 6, andikeni idadi na tarehe mkiwa wote wawili, na mzigo wa pili utoke baada ya fedha ya kwanza kuingia.

Ni sisi watengenezaji wa sabuni za nyumbani