Zuhura, anzia kwenye mto wa kulalia

Leicester, Jumapili

Shoga yangu Zuhura,

Salaam aleikum. Picha za gari nimezipata, hongereni sana wewe na shemeji. Ducato la 2014, gari la kulalia safarini, vitanda vinne, friji, choo humo humo! Sasa mkija kwetu hakuna tena wa kulalia mkeka sebuleni.

Umeniuliza alamu za moshi na za gesi zifungwe wapi, na kwamba aliyewauzia gari kawaambia "popote penye nafasi". Popote hapana, shoga. Moshi hupanda. Gesi ya mtungi hushuka. Kaboni monoksidi, ile hewa ya sumu, haina haja na juu wala chini, inachanganyika tu na hewa mnayovuta. Kwa hiyo ni alamu tatu, na kila moja ina kimo chake. Madukani utakutana na kisanduku kimoja kinachojidai kunusa vyote. Mimi sikitaki. Ukikifunga chini, moshi utachelewa kukifikia; ukikifunga juu, gesi itakuwa imeshajaa miguuni.

Kama hela ya mwezi huu inatosha moja, nunua ya kaboni monoksidi. Hiyo haina rangi wala harufu, na hutoka pale moto unapokosa hewa ya kutosha: kwenye jiko, kwenye hita, hata kwenye friji. Ndiyo, friji. Nyingi za magari haya hutumia gesi mkiwa hamna umeme, na nyuma yake kuna kamoto kadogo kanakowaka usiku kucha nyie mmelala. Sasa fanya hivi: panda kitandani, lala unavyolala siku zote, kisha mwambie shemeji apige alama ya penseli ukutani usawa wa pua yako. Alamu ikae hapo au karibu na hapo, mita 1 hadi 3 kutoka kwenye kinachowaka. Isijifiche nyuma ya pazia, isiingie kabatini, isikae ubavuni mwa dirisha mnaloliacha wazi, maana upepo utaifanya inuse hewa ya nje. Na watoto si ndio watalala kile kitanda cha juu ya dereva? Wawekee ya kwao kule kule. Hewa ya pale darini siyo unayovuta wewe huku nyuma.

Ukiwa dukani geuza boksi utafute maandishi EN 50291-2. Inayoishia na 1 ni ya majumbani. Ya 2 imepimwa kwa ajili ya magari na boti, inavumilia kutikiswa. Zimetengenezwa zilie kwa kipimo na muda: hewa ikiwa na sehemu 50 kwa milioni za sumu hiyo, italia baada ya saa moja hadi saa moja na nusu, ikifika 300, haizidi dakika 3. Ndiyo maana ikilia hamkai kubishana. Zimeni vinavyowaka, fungueni mlango, tokeni wote. Mtu akishaanza kuvuta sumu hii huumwa kichwa, husikia kichefuchefu, miguu inalegea, na sisi tulivyo tutasema ni uchovu wa safari au kile chakula cha njiani. Mkiumwa wote kwa pamoja, na mkitoka nje mnapata nafuu, hapo tafuteni daktari, msirudi ndani.

Nakujua, na hili nalisema kwa sababu nakujua: chetezo kibaki nyumbani. Udi wako ni mzuri, lakini unakaa juu ya mkaa, na mkaa unaofuka ndani ya gari lililofungwa madirisha ndio hasa unaotoa hiyo kaboni monoksidi. Ukitaka kufukiza, fukizia nguo nje. Na lile jiko la nyama choma mtakalowasha chini ya turubai, hata likionekana limezima, lisiingizwe ndani "lituchangamshie miguu kidogo". Hapa Uingereza watu wamekufa kambini kwa jambo hilo hilo, jiko limeshapoa machoni mwao.

Ya gesi ya mtungi sasa. Propani ni nzito kuliko hewa kwa kama mara 1.5, butani karibu mara 2, kwa hiyo ikivuja hutambaa chini kama maji yaliyomwagika na kujikusanya kwenye bonde lolote la sakafu. Utasema ina harufu, utainusa. Uko macho, sawa. Ukilala pua haikuamshi. Alamu yake ifungwe chini, sentimita 10 hadi 30 kutoka sakafuni, upande wa jikoni ambako mabomba yanapita. Isiwe mlangoni, wala juu ya tundu la hewa la sakafuni, wala pale watoto wanapotupia viatu. Chini ya sinki pia hapana: kule kuna madawa ya kusafishia, na alamu hizi haziwezi kutofautisha gesi na vitu vya chupa ya kupuliza. Dawa ya nywele, manukato, asetoni ya kutolea rangi ya kucha, vyote huipigisha kelele. Ikilia usiku usiguse swichi ya taa, usiwashe wala kuzima chochote. Mlango, nje, kisha mtungi ufungwe kutoka kwenye kabati lake la nje.

Alamu hii ya gesi hula betri. Sensa yake lazima iwe na joto muda wote, na nyingine hutumia kama ampea 0.1. Inaonekana si kitu, lakini kwa siku ni ampea-saa 2.4. Gari likisimama uani kwako, betri ya ampea-saa 100 itakuwa imefika nusu kwa wiki tatu. Iwekeeni swichi, na swichi hiyo iwe ya kwanza kuwashwa mnapopakia mizigo.

Ya moshi ni rahisi. Dari, kati ya jiko na vitanda, ikisogea zaidi upande wa vitanda, mbali na lile dirisha la juu. Chukua inayotumia mwanga badala ya ile ya ayoni (chembe zenye chaji ya umeme), ambayo kwa chapati moja tu hupiga kelele mpaka jirani anatoka na taulo. Iwe pia na kitufe cha kuinyamazisha kwa muda, la sivyo shemeji atatoa betri na kuitia kwenye droo ya vijiko. Baba Salma ndivyo alivyofanya. Dari za magari haya ni mbao nyembamba, na waya zinapita nyuma yake, basi gundisheni kwa kibandiko chake kuliko kutoboa.

Zile alamu mlizozikuta humo msizitegemee. Zifungueni msome tarehe ya mwisho kwa nyuma. Sensa huchakaa, nyingi za gesi na kaboni monoksidi hudumu miaka 5 hadi 10, na gari lenu mnajua umri wake. Kile kitufe cha majaribio kwa kawaida kinakuambia kwamba king'ora kinalia, basi. Sensa inaweza kuwa imekufa na kelele ikatoka vile vile. Pia MOT, ule ukaguzi wa magari wa kila mwaka hapa Uingereza, haiangalii mambo ya ndani haya, kwa hiyo kabla ya safari mwiteni fundi wa gesi aliyesajiliwa na anayeruhusiwa kugusa gesi za magari. Orodha yao inaitwa Gas Safe Register, utawapata.

Na huko Uskoti mnakokwenda, mwezi wa nne kuna baridi ya kukatisha tamaa. Mtahisi kaupepo kanapanda kutoka sakafuni, mtatafuta kalipo, mtakuta matundu. Msiyazibe kwa zulia wala utepe wa gundi. Yamewekwa makusudi ili gesi ikivuja ipate pa kuangukia nje. Vaeni soksi mbili.

Kabla shemeji hajashika drili, nipigie picha ya kabati la chini ya jiko, mlango ukiwa wazi, nione bomba linapita wapi. Na mkiwa mnarudi kutoka Uskoti piteni huku, mama mdogo kaleta mchele wa Mbeya.

Wako,
Mwanaidi