Malalamiko kuhusu RAM ya 3600 mliyoniuzia na waranti mliyoikataa

Kisauni, Mombasa

Kwa Meneja,
Mauzo na Huduma kwa Wateja

Bwana Meneja,

KUH: KUKATALIWA WARANTI YA RAM YA DDR4

Kazi yangu ni kuhariri video za harusi. Kompyuta hii ndiyo ya kwanza kuiunga kwa mikono yangu mwenyewe, baada ya kudunduliza karibu mwaka mzima. Kwenu nilinunua prosesa ya Ryzen 5 5600, ubao mama wa B550 na pakiti moja ya RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta) yenye vipande viwili vya GB 8, iliyoandikwa kasi ya 3600. Pakiti ya 3200 ilikuwapo, tena kwa bei nafuu. Kijana wenu wa kaunta ndiye aliyenishawishi niongeze shilingi 2,000, akisema prosesa hiyo "yaipenda 3600". Nikaongeza.

Kompyuta iliwaka mara ya kwanza tu, alhamdulillahi. Lakini programu ya kupimia ilionyesha 1333, nikadhani nimeuziwa chini ya nusu. Kumbe RAM ya aina ya DDR hupitisha data mara mbili katika kila pigo, kwa hiyo 1333 hiyo ni 2666. Hofu ikapungua, ila 3600 bado sikuiona. Nikampigia fundi wenu. Akanieleza vizuri, na kwa hilo namshukuru, kwamba RAM huanza kwa kasi ya kawaida kwa volti 1.2, na kasi ya kwenye pakiti haipatikani mpaka uingie BIOS, yaani mipangilio ya ubao mama, uwashe XMP. Hivyo ni vipimo ambavyo mtengenezaji amevihifadhi kwenye kichipu kidogo cha RAM yenyewe, pamoja na volti 1.35. Nikawasha XMP, nikahifadhi, nikatoka. Volti sikuigusa kwa mkono.

Windows ilifunguka. Jioni hiyo, video ya harusi ya Likoni ilipofika nusu ya kutolewa, skrini ikageuka buluu. Nikarudia, safari hii faili lenyewe likaharibika. Bahati kadi za kamera nilikuwa sijazifuta. Ningekuwa nimezifuta, leo ningekuwa namwandikia mama wa bibi harusi, si wewe.

Nikarudisha kasi ya kawaida, kisha nikapakua MemTest86, programu ya kupimia makosa ya RAM, kwenye flashi. Nilipima kipande kimoja kimoja, vyote kwenye nafasi ileile, ya pili kutoka kwenye prosesa, XMP ikiwa imewashwa. Cha kwanza kilimaliza duru zote nne bila kosa hata moja. Cha pili kilitoa makosa kabla duru ya kwanza haijaisha. Nikakipima tena usiku wa manane, feni ikivuma, kwa sababu fundi alikuwa ameanza kulisingizia joto la Mombasa. Makosa yaleyale. Kile kizima nikakipima saa nane mchana, jua likiwaka, kikapita. Na kile kibovu kikishushwa hadi 2666 hakina neno. Ubao ni mmoja, prosesa ni moja, nafasi ni moja. Kilichobadilika ni kipande cha RAM tu.

Nilipokileta dukani, hakikupimwa. Fundi yuleyule aliyenielekeza kwa simu alikitazama, akasema, "Hii umeovakloki, waranti imekufa," akimaanisha nimeipandisha kasi kupita kiwango, akanirudishia.

Bwana Meneja, hapa ndipo ninapolalamika hasa. Mimi si mbishi wa mambo yaliyoandikwa: kiwango rasmi cha AMD, watengenezaji wa prosesa hii, ni RAM ya 3200, na kupita hapo huhesabiwa kuwa ni kuongeza kasi zaidi ya kiwango. Sawa. Lakini prosesa yangu haina hitilafu, na siidai. Nadai RAM, ambayo mtengenezaji wake ameiandika 3600 kwa volti 1.35, nami sikuipeleka hata hatua moja zaidi ya hapo. Kasi hiyo ndiyo mliyoiweka kwenye bei. Kama kuifikia ni kosa la mteja, kijana wa kaunta angeniambia kabla sijatoa zile shilingi 2,000, nami ningechukua 3200 nikaenda zangu. Kifungu cha 46 cha Katiba ya Kenya kinampa mnunuzi haki ya kupata bidhaa zenye ubora unaofaa, na pia maelezo anayohitaji ili afaidike nazo kikamilifu. Mimi nilipewa nusu ya maelezo wakati wa kununua, na nusu nyingine wakati wa kukataliwa.

Ninachoomba ni kubadilishiwa pakiti nzima. Msinitolee kipande kimoja kutoka pakiti nyingine, maana vipande viwili vikiuzwa pamoja huwa vimepimwa pamoja, na sitaki kuanza upya kuwinda makosa. Kama pakiti hiyo imekwisha, nipeni ya 3200 na mnirudishie tofauti ya bei. Nasubiri jibu lenu kwa maandishi ndani ya siku 14. Nisipolipata, nitapeleka malalamiko haya kwa Mamlaka ya Ushindani ya Kenya.

Jumamosi asubuhi nitakuja na vipande vyote viwili, risiti, flashi na picha nilizopiga za skrini ya vipimo. Naomba fundi akipime kile kibovu mbele yangu, kwenye kompyuta yenu wenyewe.

Mteja wenu,
(jina na namba ya simu vimo kwenye risiti)