Kitambi sio dalili ya maisha mazuri, zahanati zitupime na viuno

Mhariri, naomba nafasi niseme na ndugu zangu wa Tanga maana hili jambo linaniuma sana. Hapa kwetu mwanaume akitoka tumbo baada ya kuoa utasikia ndoa imemkubali, mama akinenepa tunasema mume anamtunza, halafu siku akianguka ghafla tunashangaa na wengine wanaanza kutafuta mchawi.

Kiukweli mafuta ya tumboni, yale ya ndani kabisa yanayozunguka ini na utumbo, hayakai bure. Yanamwaga kemikali kwenye damu, insulini, ile homoni inayoshusha sukari kwenye damu, inashindwa kufanya kazi yake, sukari inapanda, presha nayo juu, kolesteroli mbaya ndo usiseme, na ukuta wa ndani wa mishipa inayolisha moyo unaanza kuumia. Wengi wanadhani mshipa unaziba kama bomba lililojaa uchafu, hapana, mafuta yanaingia ndani ya ukuta wenyewe, yanarundikana taratibu miaka na miaka mtu hasikii chochote, siku lile rundo likipasuka damu inaganda palepale na moyo unakosa damu. Mtu anashika kifua anaambiwa ni gesi, anapewa maji ya ndimu wakati kila dakika ina thamani na alitakiwa awe njiani kwenda hospitali!

Ninachoomba mimi ni kidogo tu. Kwenye zahanati na vituo vya afya wanatupima uzito na presha, basi wapime na kiuno, futi ya fundi cherehani inatosha. Kwa viwango vya WHO mwanaume akivuka sentimita 94 na mwanamke 80 hatari imeshaanza, wakivuka 102 na 88 ni kubwa zaidi. Mzani peke yake unadanganya, kuna watu uzito wao wa kawaida kabisa ila tumbo limewatangulia.

Na baiskeli jamani tumezitupa wapi, mji wenyewe tambarare hivi lakini mtu anachukua bodaboda toka barabara ya 6 kwenda ya 12, jioni chipsi mayai na soda. Sisemi mtu akonde, mwenye kilo 90 akipunguza hata 5 tu presha na sukari zinaanza kushuka.

Waganga wakuu wa wilaya za mkoa wetu kama mnasoma hapa, hizo futi tunaomba zianze kutumika hata mwezi ujao, na mtu akipimwa aandikiwe kwenye kadi yake ili akirudi ajue kapungua au kaongezeka.

Msomaji wako,
Makorora, Tanga